Sura ya Sita: Doa la Mawese

Mchikichi haustawi Lwiro. Mji huo mdogo wa wanazuoni na wakulima, ulio kaskazini ya Bukavu katika nchi ya Bashi, karibu na uwanja wa ndege wa Kavumu na chini ya milima ya Kahuzi, umekaa juu ya mwinuko wa mita zipatazo 1,700, na mti upendao joto la mabondeni hauwezi kuzaa vema katika baridi ya namna hiyo. Hata hivyo ni nadra kuliona jiko la Lwiro lisilokuwa na chupa ya mawese, kwa kuwa mafuta hayo hupanda kutoka nchi za chini, mengine kutoka Uvira na Fizi ukingoni mwa Tanganyika, mengine kutoka Bunyakiri upande wa msituni, yakichukuliwa ndani ya mabidoni. Na yale yaliyotoka kwao yakiwa majimaji yenye kung'aa hufika juu yamekwisha kuganda, mazito, rangi yake ya chungwa imefifia, hata mama wa nyumba hana budi kuiweka chupa kando ya mbabula, yaani jiko la makaa, kabla ya kupata kijiko kimoja cha kutilia sombe, yaani kisamvu.

Mwenye kulifahamu jambo hilo la chupa amekwisha kuipata nusu ya elimu ya sura hii. Maana mawese hayabadili tabia yake yakidondokea nguo: huganda vivyo hivyo katikati ya nyuzi, na anayeliendea doa hilo kwa maji ya kijito cha asubuhi, hata akiwa na sabuni njema na mikono ya nguvu, hufanya kazi ya bure, kwa kuwa anasugua kitu kigumu ambacho hakijapata sababu ya kutoka mahali pake. Lakini mtu wa pili, ambaye amesikia kwamba mafuta na baridi havipatani, akaitwaa nguo ile ile na kuipiga pasi ya makaa ili doa liyeyuke, huyo amefanya lililo baya zaidi. Doa limeyeyuka kweli, ila kwa kuwa hapakuwa na sabuni ya kulipokea, limezama ndani ya uzi na kuenea pande zote. Baina ya watu hao wawili ndipo ilipo hoja yetu: doa la mafuta haliondolewi kwa nguvu bali kwa taratibu, na taratibu yenyewe haina siri ila kujua lipi litangulie na lipi lifuate.

Kwanza sharti tukubali kwamba doa la chakula, ijapokuwa laonekana kuwa kitu kimoja, aghalabu ni madoa mawili au matatu yaliyokaa pamoja. Tone la mchuzi wa sombe likianguka juu ya shati jeupe, huanguka na mafuta, na rangi iliyoyeyuka ndani ya mafuta hayo, na pengine chembe za samaki, za nyama au za unga. Mafuta hutaka sabuni na joto. Rangi ya mawese hutaka jua. Utomvu wa nyama, wa mayai na wa maziwa hutaka maji ya baridi, kwa kuwa joto huugandisha na kuufunga katika nguo. Hizi ni dawa tatu zinazopingana, na anayezimimina zote kwa wakati mmoja, au anayeanza na ile iliyopasa kuwa ya mwisho, hufuta sehemu moja ya doa na kuzithibitisha sehemu mbili zilizosalia, kisha hulaumu sabuni.

Rangi hiyo yastahili kuangaliwa kabla ya kuendelea, na hapana mahali pafaapo kuiangalia kuliko Lwiro penyewe. Utawala wa Ubelgiji ulipoanzisha mwaka 1947 taasisi ya utafiti wa kisayansi kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi za IRSAC, makao yake makuu yalijengwa hapo, na vituo vingine vikawekwa penginepo, kimojawapo kikiwa cha Uvira kilichoshughulika na maji ya Tanganyika na viumbe wake. Baada ya uhuru taasisi ilibadili jina na utawala, na leo wenyeji huijua kwa herufi za CRSN, yaani kituo cha utafiti wa sayansi za asili. Pamoja nayo ipo hospitali ya watoto, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa kuwatibu wale waliodhoofika kwa utapiamlo. Sasa, ile rangi nyekundu ya mawese, inayomkera mwenye shati jeupe, ni karotini, na katika kilo moja ya mafuta mabichi hupatikana kiasi cha miligramu 500 hadi 700. Na mwili wa binadamu huigeuza karotini kuwa vitamini A, ambayo mtoto akiikosa macho yake hudhurika na kinga yake dhidi ya maradhi hupungua. Kwa hiyo dobi na tabibu huitazama rangi moja kwa nia mbili, mmoja akitaka itoke katika nguo na mwingine akitaka iingie tumboni, na mama mwenye busara hatawanyima wanawe mawese kwa kuhofia kitambaa cha meza.

Karotini ina tabia mbili zitupasazo kuziweka akilini. Ya kwanza, haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Basi maadamu mafuta yamo, rangi imo, na hapana maji yatakayoifikia. Ya pili, haivumilii nuru: ikikaa juani hali imefunuliwa, yaani mafuta yaliyoifunika yamekwisha kuondoka, huharibika na kufifia hata isionekane tena. Kutokana na tabia hizo mbili taratibu ya doa la mawese yajitengeneza yenyewe: mafuta kwanza, kwa sabuni na joto, rangi baadaye, kwa jua. Anayeanza na jua huyaacha mafuta yashikamane na hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu zaidi. Anayemaliza kwa sabuni asilingojee jua hutupa nguo iliyokwisha kupona, kwa kuwa ameona kivuli cha manjano na kudhani kwamba kazi imeshindikana.

Namna sabuni inavyofanya kazi ni habari ambayo wazee wetu waliitumia kabla haijaandikwa, kwa kuwa waliojua kuchuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi walikuwa wamekwisha kuupata ule ukali ambao ukichemshwa na mafuta huzaa sabuni. Aliyeieleza kwa hoja ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyezaliwa mwaka 1786 akafa mwaka 1889, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1823 alidhihirisha kwamba mafuta yameundwa kwa asidi zilizofungamana na gliserini, na kwamba ukali wa majivu au wa magadi huuvunja ufungamano huo na kuzitwaa asidi, ndipo sabuni ikapatikana. Kila chembe ya sabuni, basi, ina upande mmoja uliotokana na mafuta na upande mwingine upendao maji, nayo hukaa baina ya hasimu hao wawili mfano wa mtu ambaye mama yake ni wa ukoo huu na baba yake ni wa ukoo ule, anayeweza kuingia nyumba zote mbili na kuwatoa watu nje wakazungumze. Huyashika mafuta kwa upande mmoja, huyashika maji kwa upande wa pili, na mafuta huinuka kutoka katika uzi yakiwa matone madogo yaliyozungukwa na sabuni pande zote, yakaelea mpaka yamwagwe.

Yafaa kukumbuka pia kwamba sabuni nyingi iliyofika katika masoko yetu ilitokana na mafuta yale yale yanayotuchafua. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye kiwanda cha sabuni ya Sunlight, alipewa na Ubelgiji idhini ya kushika mashamba na misitu ya michikichi katika sehemu tano kubwa za Kongo, na kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilikusanya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakuwa na hiari katika kazi hiyo. Mawese yaliyovunwa yalisafirishwa hadi Ulaya, yakageuzwa sabuni, na sabuni ikarudi kuuzwa. Elimu ya doa la mawese, basi, si elimu ndogo ya jikoni tu. Ndani yake imo kemia ya karne moja na biashara ya karne nyingine.

Na tulitazame sasa doa lenyewe. Shati ni la pamba, jeupe, na mchuzi umegusa mkono wake wa kuume juu kidogo ya kishikizo. La kwanza ni kutolisugua kwa kitambaa cha mezani, kama watu wafanyavyo kwa haya mbele ya wageni, kwa sababu kusugua kunalisukuma doa ndani na kulipanua. Twaa mgongo wa kisu, au ukingo wa kijiko, ukwangue taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, na kila mkwanguo uufute kisu kabla ya kurudia. Katika baridi ya Lwiro kazi hii ni nyepesi, kwa maana mafuta yamekwisha kuganda na hutoka vipande vipande, na hapa baridi ni msaada ambao mtu wa Mombasa au wa Unguja haupati. Kilichosalia, kinyunyizie unga mkavu wa muhogo, ule ule wa bugali, uukandamize kwa kiganja na kuuacha robo saa. Unga hunyonya mafuta yaliyo juujuu na kubadilika rangi, kisha hukung'utwa. Usitie maji bado.

Hatua ya pili ni sabuni kavu juu ya doa kavu. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa hulowesha nguo kwanza, na nyuzi za pamba zipendazo maji hujaa maji, zikaizuia sabuni isiyafikie mafuta. Ikiwa ipo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndiyo bora, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya chakula. Kama haipo, kipande cha sabuni ya kufulia, kikiloweshwa kidogo tu, hupakwa juu ya doa mbele na nyuma mpaka kitambaa kiwe kizito kwa sabuni. Kisha iachwe. Binti aliyezoea kupiga nguo juu ya jiwe huona uvivu katika kungoja huko, na mara nyingi mazungumzo ya kijitoni ni haya:

“Mama, nimelisugua mpaka vidole vinaniuma, nalo liko pale pale.”

“Usilisugue, mwanangu. Lipe sabuni, ulipe na wakati. Ukirudi kutoka kuteka maji utalikuta limelegea.”

Hatua ya tatu ni maji ya moto, na hapa sharti kipimo. Mawese huyeyuka yakifika digrii 35 hivi, lakini kuyeyuka tu hakutoshi, kwa kuwa maji hupoa upesi ndani ya beseni. Inafaa maji ya pamba yaanze na digrii zaidi ya 50. Katika mwinuko wa Lwiro maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100, na maji ya kijito ni ya baridi; basi sufuria moja ya maji yanayochemka ikichanganywa na sufuria moja ya maji ya baridi hutoa maji ya digrii 55 hivi, yafaayo pamba nyeupe na kitani. Moja ya moto kwa mbili za baridi hutoa maji ya digrii 43 hivi, yafaayo nguo za rangi na zile za nyuzi za viwandani. Moja kwa tatu hutoa vuguvugu la digrii 37, lifaalo sufu na hariri. Mtu asiye na kipimajoto hana haja ya kukisia. Sufuria yake ni kipimo cha kutosha.

Shati likitumbukizwa katika maji hayo na sabuni yake, likaachwa nusu saa, likafikichwa kidogo kwa ncha za vidole na kusuuzwa katika maji yenye joto lile lile, mafuta huwa yametoka. Nasema joto lile lile kwa kukusudia, kwa maana maji ya baridi yakimiminwa ghafula juu ya nguo ambayo sabuni yake imebeba mawese, mafuta huweza kuganda tena na kurudi juu ya kitambaa, na doa moja likageuka kuwa ukungu wa manjano juu ya shati zima. Baada ya hapo shati hutandazwa juani likiwa bichi, upande wa doa ukitazama juu. Jua la miinuko ni kali kuliko linavyohisiwa na ngozi, na siku moja ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, hufanya kazi ambayo wakati wa masika yahitaji siku kadhaa za kuvizia jua baina ya mvua na mvua.

Watu wa pwani wana doa lao lililo ndugu wa hili, nalo ni lile la manjano, litokanalo na pilau na mchuzi, ambalo limeziharibu kanzu nyingi siku za harusi. Rangi ya manjano nayo huyeyuka katika mafuta na kufifia juani, ila ina ajabu moja: ikikutana na sabuni yenye ukali hugeuka nyekundu papo hapo, na asiyejua hushtuka, akadhani ameongeza doa. Hakuongeza kitu. Sabuni ikisuuzwa vema wekundu hupungua, na jua humaliza kilichobaki. Tofauti ya huko na Lwiro ni kwamba samli na mafuta ya nazi katika joto la Unguja hukaa majimaji na kuenea haraka, hata mkwanguo wa kisu haufai kitu na unga ndio unaotangulia. Ilhali mafuta hayo hayo ya nazi, yakipandishwa Lwiro, huganda, kwa kuwa kiwango chake cha kuyeyuka ni digrii 24 au 25 tu. Kanuni ni moja, na hali ya hewa huamua mlango wa kuingilia.

Sehemu ya tatu ya doa ni ile ya nyama na samaki, na katika Kivu husemwa habari ya sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo katika Ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo hukaangwa katika kila soko kutoka Bukavu hadi Goma. Mafuta ya kukaangia sambaza, yakirukia nguo, huja na chembe za samaki na unga uliopakwa. Doa la namna hiyo lisuuzwe kwanza kwa maji ya baridi kwa upande wa nyuma, ili chembe zisukumwe nje mahali zilipoingilia. Kisha nguo ikamuliwe, ikaushwe kidogo kwa taulo, ndipo sabuni na maji ya moto vifuate kama ilivyoelezwa. Baridi hii ya mwanzo haidhuru, kwa kuwa mafuta yatangojea. Lakini moto wa mwanzo ungedhuru, kwa kuwa utomvu ukishaganda haungojei mtu.

Kuhusu aina za nguo maneno machache yatatosha. Kikwembe cha pamba, yaani kitenge, huvumilia maji ya moto na sabuni, lakini rangi zake, hasa katika vikwembe vya bei nafuu, huogopa jua kama karotini inavyoliogopa. Basi kigeuzwe ndani nje, na doa tu ndilo lielekezwe juani kwa muda mfupi, likitazamwa mara kwa mara. Sufu na hariri ni manyoya na uzi wa viumbe hai, na ukali wa magadi, wa majivu na wa sabuni za kufulia huzila. Hizo hupewa sabuni laini, vuguvugu, na mkono usiosokota. Nyuzi za viwandani, ambazo asili yake ni mafuta ya ardhini, hupenda mafuta na kuchukia maji, kinyume cha pamba, na ndiyo sababu shati la poliesta lililovaliwa jikoni mwaka mzima hubaki na harufu ya kukaanga ijapokuwa laonekana jeupe. Dawa yake ni haraka: sabuni ya maji siku ile ile, wala si mwisho wa juma.

Haraka yahusu mafuta yote, ila si kwa kadiri moja. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yasiyoshikana upesi na hewa, na doa lake la siku tatu bado latibika kama la jana. Lakini mafuta ya alizeti, ya soya na ya pamba hushikana na hewa, hukauka kidogo kidogo na kuwa ngozi ngumu ya kahawia, kwa sababu ile ile inayoyafanya mafuta ya kitani yafae kuchanganywa na rangi za kupakia milango. Doa la namna hiyo lililokomaa hulegezwa kwa kupakwa mafuta mapya kidogo na kuachwa saa moja, kisha yote mawili, la zamani na la sasa, huondolewa pamoja kwa sabuni. Wengi hukataa kuiamini dawa hiyo mpaka waione. Lakini doa lililokwisha kupigwa pasi mara mbili au tatu ni habari nyingine, na hapo tumaini ni dogo. Kwa hiyo iwe sheria ya nyumba kwamba nguo iliyokuwa na doa haigusi pasi mpaka imetazamwa ikiwa kavu, mbele ya dirisha, na mtu mwenye macho mazuri.

Zipo dawa za mitaani zinazosifiwa kuliko zinavyostahili. Chumvi hunyonya mchuzi wa majimaji, lakini mafuta haiyagusi. Ndimu ikikamuliwa juu ya sabuni huivunja sabuni na kuirudisha katika mafuta iliyotokana nayo, basi anayezitumia pamoja amelipaka doa doa jingine. Maji ya Javel, yaani dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, huondoa rangi, hata mtu akadhani doa limetoka, lakini mafuta hubaki na kuvuta vumbi, na baada ya mwezi doa hurudi likiwa la kijivu; juu ya hayo hula sufu na hariri, na yakichanganywa na ndimu au siki hutoa hewa yenye sumu. Petroli, kwa kweli, huyeyusha mafuta, na zamani katika nchi nyingi ilitumiwa kusafishia nguo kavu. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana mpaka kwenye mbabula iliyo chumba cha pili, na nyumba haiteketezwi kwa ajili ya shati. Asiiguse mtu kwa kazi hii.

Maji nayo yana neno lake. Ziwa Kivu limezungukwa na nchi ya volkano, na maji yake yamejaa chumvi za madini, hasa za magnesi, ambazo huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe usiofua kitu. Anayefua ziwani hutumia sabuni nyingi na kuirudishia nguo yake utando huo, ambao ukikutana na mafuta hushikamana nayo. Maji ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye mabati, hayana chumvi hizo. Na katika nchi ipatayo mvua kuanzia Septemba hadi Mei, mwenye pipa chini ya paa lake ana maji bora ya kufulia bila gharama. Asiye na pipa, na ambaye hana budi kutumia maji ya ziwa, atumie sabuni ya unga ya viwandani, ambayo imetengenezwa ili isishindwe na chumvi hizo.

Yasalia makochi, na hapa taratibu hubadilika kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba kochi haliwezi kusuuzwa. Kila ulichokitia ndani yake ni lazima ukitoe kwa njia ile ile kilikoingilia, na katika unyevu wa Lwiro sponji iliyolowa huchukua siku nyingi kukauka, ikaota ukungu na kunuka, hata doa lililoondolewa likakumbukwa kwa majuto. Mama wa Kivu wamelijua hilo siku nyingi, ndiyo maana makochi ya sebule zao hufunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa sindano na kupambwa maua, vinavyotolewa na kufuliwa. Desturi hiyo ilienea sana Uingereza katika karne ya 19, wanaume walipojipaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Macassar na kuyaacha juu ya migongo ya viti. Na kwa kweli, ukiyachunguza makochi ya leo, utaona kwamba doa la chakula huwa kwenye mkono wa kiti, bali lile kubwa la kijivu lililo mahali pa kichwa ni la mafuta ya nywele, nalo hutibiwa vivyo hivyo.

Doa likiangukia kochi, kwangua, kisha tia unga wa muhogo mkavu kwa wingi, tena safari hii uuache usiku kucha, kwa kuwa unga ndio utakaofanya sehemu kubwa ya kazi. Asubuhi uondoe kwa brashi laini, na kama umegeuka rangi, tia mwingine. Ukikoma kugeuka, twaa kijiko cha sabuni ya vyombo katika bakuli la maji ya moto, ulitibue mpaka litoe povu jingi. Na povu peke yake, si maji yaliyo chini yake, ndilo litumike, kwa kitambaa cheupe kilichokamuliwa. Kabla ya kuligusa doa, jaribu mahali pasipoonekana, nyuma ya kiti, ungoje pakauke, maana rangi za vitambaa vya makochi hazina dhamana. Kisha gonga kwa kitambaa, usisugue, ukitoka pembeni na kuelekea katikati, na kila mara geuza upande safi wa kitambaa. Utaona manjano yakihamia juu yake. Mwisho pitisha kitambaa kilichochovywa katika maji matupu ya moto na kukamuliwa, kuondoa sabuni, kwa kuwa sabuni iliyosahauliwa hunata na kuvuta vumbi. Kandamiza kwa taulo kavu, na upanguse sehemu pana kuliko doa lilivyokuwa, ili pasibaki duara la maji. Kochi lisogezwe dirishani, si kando ya moto.

Kochi la ngozi halitaki maji hata kidogo siku ya kwanza: unga, subira, na kitambaa kikavu, kwa maana ngozi hunyonya mafuta yenyewe na baada ya siku chache doa dogo huenda likatawanyika na kutoweka. La mahameli hupigwa povu kwa kufuata upande nyuzi zinakolala. Lenye foronya zenye zipu halina hoja. Foronya hutolewa na kufuliwa kama nguo, ila zote pamoja, hata zisizo na doa, zisije zikapishana rangi.

Mwenye kuyafuata haya atashindwa mara chache, na akishindwa itakuwa aghalabu kwa sababu mtu mwingine alitangulia na pasi au na maji ya Javel; basi kabla ya kuanza, amwulize mwenye nguo maswali matatu: ni mafuta gani, ni ya lini, na umekwisha kulifanya nini. Jibu la swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo ambalo watu huona haya kulitoa. Hayo ndiyo ya mafuta. Ya wino, kutu na damu, ambayo asili zake ni nyingine na ambayo sabuni na joto mara nyingi huyazidisha badala ya kuyaondoa, yatafuata katika sura ya saba.